Filamu ya PS-PEO inajipanga vizuri masika, kipupwe inagoma: ni unyevu, ni joto, au kuna kingine?

#1 BintiKigamboni
Habari za jioni wakuu. Swali kwa wanaoshughulika na polima.

Natengeneza filamu nyembamba za kopolima bloku, PS-PEO. Polistairini (PS) ndiyo sehemu kubwa, polietilini oksaidi (PEO) ni kama robo. Nayeyusha kwenye toluini, nadondoshea kwenye kipande cha silikoni, nazungusha kwenye mashine mpaka ibaki filamu ya kama nanomita 50. Kisha naiweka ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko, pembeni nimeweka kisahani cha toluini. Mvuke unaingia kwenye filamu, filamu inavimba, minyororo inapata nafasi ya kutembea. Nikifungua mfuniko inakauka.

Wakati wa masika picha za AFM (darubini inayopapasa uso wa filamu kwa ncha kali) zilikuwa za kupendeza: silinda za PEO zimesimama wima, ukitazama kwa juu ni vidoti, kila kidoti kimezungukwa na sita. Tangu kipupwe kianze napata mistari iliyojikunja kama alama za kidole gumba, yaani silinda zimelala. Polima ni ileile, chupa ileile, toluini ya dumu lilelile. Maabara haina kiyoyozi, tupo Dar. Nini kimebadilika?

#2 Kapuku_Msomi
Nakaa hapa nijifunze.

#3 Nyuzi_Nane
Unyevu wa hewa, dada. Wala usiende mbali.

PEO inapenda maji, polistairini haiyataki kabisa. Masika hewa ya Dar imejaa maji, kwa hiyo ndani ya chupa yako kulikuwa na mvuke wa aina mbili, toluini na maji. Toluini inalainisha polistairini, maji yanakwenda kwa PEO. Silinda zako zilikuwa zinavimba kwa ndani na kuzidi kujitenga na polistairini. Sasa hivi hewa imekauka, PEO imebaki bila mlainishaji. Kundi la Russell na Hawker kule Marekani lilifanyia kazi jambo hili kwenye kopolima zenye PEO, mwaka 2006 na 2007, na wakaonyesha kwamba bila kudhibiti unyevu huwezi kutegemea mpangilio wowote.

#4 Mzee_Bikari
Nyuzi Nane yuko sahihi, ila kuna wanaosoma humu ambao hawako kwenye fani. Nianzie chini kidogo.

Kopolima bloku ni minyororo miwili (au zaidi) ya kemikali tofauti iliyoungwa mwisho kwa mwisho. PS na PEO hazielewani. Zingekuwa huru, kila moja ingejitenga upande wake. Lakini zimeungwa kwa kifungo cha kemikali, kwa hiyo ni watalaka wawili waliobaki nyumba moja: kila mmoja ana chumba chake, kuhama hawezi. Vyumba hivyo ni vya makumi ya nanomita, kwa sababu haviwezi kuzidi urefu wa mnyororo. Ukiwa na sehemu ndogo sana ya mmoja unapata vitufe, ukiongeza unapata silinda, kisha jairoidi (mtandao uliosokotana), kisha matabaka. Robo kama ya dada hapo juu ni silinda.

Haya yote yamewezekana tangu Michael Szwarc alipoonyesha mwaka 1956 jinsi ya kukuza mnyororo ambao ncha yake haifi, ukimaliza monoma (pingili za mnyororo) ya kwanza unaongeza ya pili. Na kipimo cha kujua kama zitatengana ni χ mara N, yaani kiwango cha kutopatana mara urefu wa mnyororo. Ikizidi 10.5 zinatengana. Leibler, 1980.

#5 Mkenya_Bayreuth
Mzee Bikari, shikamoo. Maelezo mazuri, ila hiyo 10.5 ni ya kopolima ambayo ni nusu kwa nusu, na ni hesabu isiyozingatia mtikisiko wa molekuli. Fredrickson na Helfand mwaka 1987 walionyesha kwamba kwa minyororo ya kawaida inabidi uende juu zaidi ya hapo. Kwa robo kwa robo tatu ndiyo kabisa, kizingiti kinapanda.

Na hili lina maana kwa swali la dada. Filamu ikivimba, toluini inajipenyeza kati ya PS na PEO na kupunguza ugomvi wao. Kwa makadirio, χ inazidishwa kwa sehemu ya polima iliyobaki. Filamu ikivimba mara mbili, nusu yake ni toluini, basi χN imekatwa nusu. Unaweza kabisa kuvuka chini ya kizingiti na mpangilio wote ukafutika ukiwa ndani ya chupa. Unachokiona kwenye AFM basi si kilichotokea ndani ya mvuke, ni kilichotokea wakati wa kukauka.

#6 Mzee_Bikari
Marahaba. Nimekusoma. Bado nasema ni unyevu.

#7 Mkenya_Bayreuth
Mimi siamini ni unyevu peke yake. Joto limeshuka pia, au sivyo? Tufanye hesabu.

Mvuke wa toluini uliojaa ni kama kilopaskali 2.9 kwenye nyuzi 20, na 3.8 kwenye nyuzi 25. Kila nyuzi moja ni kama asilimia 5. Kama kisahani na filamu viko kwenye joto moja, hilo halikusumbui, kwa sababu kinachohesabika ni mvuke ukilinganisha na kiwango cha kujaa pale filamu ilipo. Lakini filamu ikiwa na baridi kuliko kisahani kwa nyuzi moja tu, umeongeza asilimia 5 bila kujua.

Sasa chukua hesabu ya Flory na Huggins ya polima ndani ya kiyeyushi, hapa polistairini ndani ya toluini, χ kati ya polima na kiyeyushi iwe 0.4. Mvuke ukiwa asilimia 73 ya kujaa, filamu inavimba mara 1.4. Ukiwa 91, mara 2. Ukiwa 98, mara 3.3. Ona jinsi mlima unavyokuwa mkali mwishoni. Ukiwa kwenye 91, nyuzi moja ya tofauti inakupeleka kwenye mara 2.6. Huo ni ulimwengu mwingine kabisa. Nyuzi moja dada, ambayo kipimajoto cha ukutani hakikuonyeshi.

Chupa yako inakaa wapi?

#8 BintiKigamboni
Kwenye kabati la kutolea mvuke, upande wa dirisha. Asubuhi jua linapiga ile kona.

Kitu ambacho sikukisema mwanzo: filamu ikiwa kavu ina rangi ya kahawia hafifu. Ikivimba inakuwa kahawia iliyokolea, halafu zambarau, halafu bluu. Masika ilikuwa inafika zambarau na kutulia pale. Siku hizi nyingine zinafika bluu, nyingine zinabaki kahawia iliyokolea.

#9 Mkenya_Bayreuth
Hapo umetupa dhahabu. Rangi ndiyo unene. Zambarau juu ya silikoni ni kwenye nanomita 100 hivi, bluu ni zaidi. Kwa hiyo masika ulikuwa unatulia kwenye mara 2 na sasa unayumba huku na huku. Hukuhitaji mashine ya mamilioni, macho yako yamepima.

Na hapa Bayreuth, Ujerumani, ndipo Knoll, Magerle, Krausch na wenzao walipofuatilia filamu za SBS (kopolima ya polistairini na polibutadini) kwenye mvuke wa klorofomu, wakachapisha 2002. Waliona kwamba unene wa filamu peke yake unabadilisha umbo: sehemu moja silinda zimelala, hatua chache pembeni zimesimama, pengine matabaka yenye matundu. Filamu moja, polima moja.

#10 Kusi_na_Kaskazi
Samahani kuingilia, mimi si mwanakemia, ni fundi wa vipoza hewa. Kama chupa ina mfuniko unaovuja, basi upepo ndio mchawi. Kuanzia Mei kusi inavuma, na dada kasema iko dirishani, tena ndani ya kabati linalovuta hewa. Hewa ikipita kasi juu ya mfuniko, mvuke unatoka haraka zaidi. Na kisahani kinachotoa mvuke mwingi kinapoa chenyewe. Fikirieni hilo.

#11 Nyuzi_Nane
Fundi umeongea kuliko sisi wenye vyeti. Na ukweli ni kwamba mfuniko lazima unavuja, kwa sababu ukiziba kabisa mvuke unajaa, filamu inavimba kupita kiasi na kukatika vipande kama matone. Kwa hiyo tundu lisiloonekana ndilo limekuwa likiendesha majaribio ya dada muda wote.

Lakini siachi unyevu wangu. Kusi ni kavu kuliko masika. Vyote viwili vimebadilika pamoja.

#12 Dawa_na_Dozi
Naombeni nafasi. Nipo Nairobi, famasia. Mnazungumzia filamu, mimi natumia watu haohao ndani ya maji. Poloksama 407, wengine mnaijua kama Pluronic F127: PEO, PPO (polipropilini oksaidi), PEO. Ukiichanganya na maji karibu asilimia 20, ndani ya friji inamiminika kama maji ya kunywa. Ukiitoa na kuipasha hadi joto la mwili inakuwa jeli, unageuza chupa chini juu na haidondoki. PPO inapopata joto inakataa maji, inakimbilia ndani, zinatokea misela (vifurushi vidogo vya minyororo, PPO katikati na PEO nje), na misela zikibanana zinajipanga na kugoma kutiririka. Tunaitumia kwa dawa za kupaka na za macho.

Wanafunzi wangu wanaokuja wapya wote hukosea palepale: wanayeyusha kwa maji ya moto. Inaganda nje, ndani unga mkavu. Unatakiwa baridi, barafu kabisa, na subira.

Swali langu: dada, mmumunyo wako wa toluini unakaa muda gani kabla hujazungusha? Kwa sababu huenda zimeshajipanga humo.

#13 Mzee_Bikari
Dawa na Dozi, kumbe friji ya famasia ina mambo! Ila swali la mwisho ni la maana.

#14 Misela_Mkuu
Hatimaye mtu kauliza kuhusu mmumunyo. Nyote mmekimbilia chupa.

Toluini ni kiyeyushi kizuri cha polistairini na si rafiki sana wa PEO. Kukiwa na maji kidogo tu ndani ya kiyeyushi cha aina hiyo, PEO zinakusanyika kwenye yale maji na kujifungia katikati, PS inabaki nje. Cogan na Gast waliliona hili kwenye PS-PEO tangu 1990, kwenye kiyeyushi cha saiklopentani: maji machache mno yanatosha kujenga mikusanyiko. Na toluini isiyokaushwa, dumu limefunguliwa masika, imeshachukua maji yake.

Kwa hiyo masika dada alikuwa anamimina misela zilizokwisha kuumbika. Vitufe vimejipanga kwenye silikoni tangu mashine inazunguka, mvuke umekuja kunyoosha tu. Na ukitazama kwa juu, kidoti cha kitufe na kidoti cha silinda iliyosimama ni kitu kimoja. Nani kathibitisha kwamba zile za masika zilikuwa silinda?

#15 BintiKigamboni
Kwa kweli AFM inaonyesha juu tu. Sijakata upande.

#16 Kapuku_Msomi
Uzi umenoga.

#17 Nyuzi_Nane
Misela Mkuu, umekuja na jina lako. Lakini misela zikiingia kwenye mvuke wa kutosha zinavunjika. Kumbukumbu ya mmumunyo inafutika filamu ikivimba mara mbili.

#18 Misela_Mkuu
Inafutika kama minyororo inaweza kutoka kwenye misela moja kwenda nyingine. Hilo linategemea mno urefu wa bloku iliyo katikati na jinsi inavyoichukia nje. Bates na Lodge kule Minnesota walipima ubadilishanaji huo kwa nyutroni, na tofauti ndogo ya urefu inageuza dakika kuwa muda usiopimika. Ukienda kwenye polistairini iliyo katikati ya misela ndani ya maji, pale imekakamaa kama kioo, inalainika kwenye nyuzi kama 100. Haibadilishani chochote. Umbo unalolipata ni umbo la njia uliyopita, kwamba ulidondosha maji haraka au polepole. Ndiyo maana Eisenberg pale McGill, Kanada, mwaka 1995 alipata vitufe, fito na vifuko kutoka kwenye PS-PAA (PAA ni asidi ya poliakriliki, inayopenda maji), kwa kubadilisha urefu wa bloku ya PAA tu.

#19 Dawa_na_Dozi
Vifuko hivyo ndiyo polimasomu, Eisenberg ndiye aliyezigundua na kuzipa jina.

#20 Misela_Mkuu
Vifuko alivionyesha, jina hapana. Polimasomu ni ya Discher, Hammer na wenzao, 1999, wakiwa na PEO iliyoungwa na polietilietilini. Wao walipima ukakamavu wa ngozi yake na kuonyesha inavumilia kunyoshwa kuliko ngozi ya lipidi.

#21 Dawa_na_Dozi
Sawa, lakini iliyofika kwa mgonjwa ni misela. PEG (ni PEO kwa jina lingine) na PLA (asidi ya polilaktiki), dawa ya saratani ya paklitakseli katikati, Korea Kusini waliiidhinisha 2007. Faida yake ni kwamba unaepuka yale mafuta ya kuyeyushia yanayoleta mzio mkali. Na pale nakubaliana na Misela Mkuu: tunataka misela isibadilike njiani kwenye damu. Ambacho dada anakililia, kwetu ni sifa.

#22 Lami_na_Kokoto
Wataalamu, kumbe SBS mliyoitaja ni hii tunayochanganya kwenye lami? Sisi tunaipika kwenye bitumeni ya moto, barabara inavumilia malori na jua bila kufanya mifereji.

#23 Mzee_Bikari
Ndiyo hiyohiyo. Polistairini, polibutadini, polistairini. Ncha zinajikusanya kuwa vitufe vigumu, katikati mpira. Vile vitufe vinafunga mpira bila kuupika kwa salfa. Ukiipasha joto vinalainika, ikipoa vinarudi. Shell walianza kuiuza miaka ya 1960 kwa jina la Kraton. Soli nyingi za viatu ni hiyo.

#24 Lami_na_Kokoto
Basi nimetembea juu ya nanoteknolojia miaka yote. Asanteni, endeleeni.

#25 Mhandisi_Leuven
Nirudishe gari barabarani. Nafanya kazi karibu na watu wa chipu. Hapa PS-PMMA (polistairini na plastiki ya akriliki) ndiyo mama wa yote, na wanatumia joto, si mvuke. Sababu si sayansi tu: kiwanda hakitaki kiyeyushi kinachozunguka ndani ya chemba, na kitu kinachotegemea nyuzi moja hakipiti. Lakini χ ya PS-PMMA ni ndogo, karibu 0.04, kwa hiyo huwezi kushuka chini sana kwa ukubwa. Zile zenye χ kubwa, kama PS-PDMS (polistairini na mpira wa siloksani), ndizo zinazowalazimisha watu kurudi kwenye mvuke, maana kwa joto pekee hazitembei.

Dada, hakuna aliyekuuliza kuhusu uso wa silikoni. Oksaidi ya juu inapenda PEO, hewa ya juu inapenda polistairini. Kila uso unavuta wake, silinda zinalala. Ndiyo hali yake ya kawaida. Kusimama wima ndiko kunakohitaji maelezo! Mwaka 1997 Mansky, Russell na wenzao walitatua upande wa chini kwa kupaka brashi ya kopolima nasibu (minyororo iliyosimama juu ya uso kama nywele, pingili za aina mbili zimechanganywa ovyo) ambayo haipendelei yeyote. Wewe unasafisha vipi vipande vyako?

#26 BintiKigamboni
Asetoni, kisha pombe ya isopropili, kisha naikausha kwa naitrojeni. Hakuna tofauti kati ya misimu.

#27 Mhandisi_Leuven
Tofauti ipo. Oksaidi iliyokaa kwenye hewa ya masika ina filamu ya maji juu yake.

#28 Nyuzi_Nane
Kwa hiyo umerudi kwenye unyevu. Karibu.

#29 Mhandisi_Leuven
Unyevu kwenye silikoni, si kwenye PEO. Ni mambo mawili.

#30 Mkenya_Bayreuth
Kuna la kukauka pia, tusilipite. Kim, Russell na wenzao mwaka 2004 walipata PS-PEO iliyosimama wima kwa eneo kubwa kwa kutumia mvuke wa benzini, na maelezo yao ni kwamba kiyeyushi kinatoka kwa juu kwanza. Juu pakikauka, panajipanga, na mpangilio unashuka chini ukifuata ukaukaji. Silinda zinasimama kwa sababu zinafuata njia ya kiyeyushi kutoka. Filamu ya nanomita 100 inakauka ndani ya sekunde chache ukifungua mfuniko. Mkono wako unafungua vipi? Masika hewa imejaa maji, kusi ikivuma ukaukaji ni mwingine.

Na tafadhali dada, mtu asikushawishi kuhamia benzini kwa sababu ya makala hiyo. Inasababisha saratani ya damu. Kaa na toluini, na kabati liwe linavuta kweli.

#31 BintiKigamboni
Nashukuruni sana. Ninachofikiria: kisahani cha pili chenye chumvi ya kawaida iliyozidi kwenye maji, ili unyevu ukae kwenye 75. Halafu nyingine ya magnesiamu kloraidi, 33. Toluini ileile, niangalie rangi.

#32 Kusi_na_Kaskazi
Chumvi haitakusaidia kama chupa inavuja. Maji yanatoka kwenye tundu lilelile. Toa chupa dirishani kwanza, iweke ndani ya sanduku la sponji au beseni la maji lenye joto moja.

#33 Misela_Mkuu
Na kabla ya chumvi, kausha toluini kwa vichujio vya molekuli (punje zinazonyonya maji), andaa mmumunyo mpya, uweke pamoja na wa zamani ndani ya chupa moja. Ikiwa chupa ndiyo yenye kosa, vipande viwili vitafanana.

#34 Nyuzi_Nane
Hapo sawa. Hilo ni jaribio la haki.

#35 BintiKigamboni
Wakuu nimerudi. Beseni la maji, mbali na dirisha, vipande viwili pamoja. Viko ndani sasa hivi. Cha mmumunyo wa zamani kimefika zambarau na kimetulia. Kipya bado ni kahawia iliyokolea.

#36 Misela_Mkuu
Nilisema.

#37 Mkenya_Bayreuth
Polepole. Unene wa mwanzo ulipima? Mmumunyo wa zamani umekaa umefunguliwa mara nyingi, toluini imepungua, umekuwa mzito. Filamu yake huenda ilianza na nanomita 60, nayo ikivimba sawasawa na mwenzake itafika zambarau mapema.

#38 Mhandisi_Leuven
Na vipande vilisafishwa siku moja?

#39 Kusi_na_Kaskazi
Mimi nauliza kidogo tu: kipi kiko karibu na kisahani?